Mashine ya Mzee Nzioka na Oili ya Gereji

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nilipotamani ardhi ipasuke inimeze kwa aibu. Nilikuwa kijana, nguvu zimenijaa, nikikereza vyuma na Mzee Nzioka pale Kawangware 46. Karakana ilikuwa ya mabati, na ndani yake mashine moja tu ya kukereza, kuukuu kunishinda mimi. Mzee aliipenda kama wenzake kule Kitui walivyopenda ng'ombe wao.

Akaingia Mama Atieno kutoka Sarang'ombe, jasho linamtiririka, amebeba shafti, ule mhimili unaozungusha mashine yake ya kusaga unga. Ilikuwa imelika pale inapoingia beringi, ile pete inayoishika ikizunguka. Alitaka nyingine mara moja, kwa sababu jirani yake alikuwa amefungua kinu wiki hiyo hiyo. Wateja wakikosa unga kwake siku hiyo, wangehamia kwa jirani na wasirudi.

Mimi nikashika chuma tayari. Mzee akazima stima.

Jana yake tulikereza drum za breki, kisha stima ikapotea tukafunga bila kusafisha. Unga mweusi wa chuma ulikuwa umetanda kote. Mzee akachukua brashi akaanza kufagia, taratibu, kama mtu asiye na mgeni. Akapanguza reli za mashine, zile ambazo kisu cha kukatia hutelezea juu yake, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha kwa kingine kikavu. Kwa aibu nikawa namkonyeza aharakishe. Wapi!

"Wee Mzee, hii ni kazi ama unaosha mtoto?" Mama Atieno akafoka. "Watu wangu wanaenda!" Akatoa kikapuni chupa ya oili nyeusi ya injini, iliyokwisha kutumika, aliyopewa bure kwenye gereji moja. "Mwaga hii iteleze, tuanze."

Usimcheke. Siku hizo oili ya gereji ilikuwa dawa ya kila kitu: bawaba za mlango, cheni ya baiskeli, hata nguzo zisiliwe na mchwa.

"Mama, hiyo imebeba chuma ya injini ya watu," Mzee akasema. "Nikiimwaga hapa, itasugua hizi reli mpaka zibonyee. Shafti yako itatoka nene huku, nyembamba kule. Beringi itakataa."

"Nani amekwambia?"

"Mashine yangu ya kwanza. Niliiua na oili kama hiyo. Nikaona ikipakiwa kwa mkokoteni, ikauzwe kwa kilo."

Miaka yote ile sikuwahi kuisikia habari hiyo, na nilimhurumia sana. Mama Atieno akaifunga chupa yake, akaketi. Mzee akadondosha oili safi kwenye vitundu vya mashine, akaipaka kidogo relini na kwenye skrubu ndefu inayosukuma kisu, akawasha mashine ikazunguka polepole bila kazi, huku ametega sikio.

"Haya, sasa kata," akaniambia.

Kabla ya jua kuzama tulikuwa Sarang'ombe sote watatu. Beringi ikaingia sawasawa, kinu kikanguruma, na akina mama wenye mabeseni ya mahindi wakapiga vigelegele. Mama Atieno akatuletea ugali na samaki. Mimi nikaketi. Mzee akabaki wima mlangoni.

"Unaenda wapi na chakula kimeiva?" nikamuuliza.

"Karakana. Tumeiacha mashine na uchafu."

Nikamfuata nikinung'unika, mdomo umejaa samaki. Leo yuko kaburini kwao, na ningetoa chochote nimfuate tena njia ile.

Sasa wewe unafungua karakana yako mtaa wa Satellite, mwanangu, nami nakuomba hivi. Zima stima kwanza. Fagia chenga za chuma kwa brashi, usizishike kwa mkono, usizipulize kwa upepo zikaingia ndani. Panguza, kausha, tia oili safi kidogo. Usipake grisi relini, itanasa vumbi. Fanya hivyo jioni hata ukiwa umechoka, na siku mteja atakapokufokea ufanye vivyo hivyo, maana hiyo ndiyo siku utakayotaka kuuruka usafi huo.

Mungu akulindie vidole na macho. Akupe wateja, hata wale wakali. Na utakapozeeka ukaiacha hiyo mashine, atakayeishika baada yako aikute bado inakata sawa.