Fidla za Kuramochi

Tangu mvua za Juni hadi majani yalipopukutika, kinyozi Kuramochi hakununua hedifoni hata moja, na kila aliyemjua pale mtaani Nakano, Tokyo, akaanza kumtazama kama mtu aliyeficha maiti.

Mkewe Sayo ndiye aliyetangulia. Miaka kumi na mbili ameishi na mwanamume anayeingiza maboksi nyumbani kwa kunyata, kama anaingiza kimada. Ghafla maboksi yamekoma. Mke gani asingeshtuka? Akapekua kabati la matandiko, akachungulia chini ya sinki. Jioni wakila akakaa mahali pake pa siku zote, kushoto kwa mumewe.

"Baba Chizu, umeyaficha wapi?"

"Nini?"

"Usinifanyie nini-nini. Maboksi! Yako saluni, nyuma ya mataulo?"

"Sinunui tena. Nimeridhika."

"Umeridhika," Sayo akarudia, taratibu, kama anayesoma jina la mwanamke kwenye risiti. "Wewe."

Tatizo ni kwamba hata Kuramochi mwenyewe hakujiamini. Kuridhika alikuwa anakufahamu: huja na boksi jipya, hukaa wiki mbili, kisha huondoka bila kuaga. Kila hedifoni aliyowahi kuvaa ilikuwa na kasoro ileile: fidla zilisikika kama zimefunikwa blanketi. Akalaumu sponji za masikioni, akalaumu amplifaya, akafika kulaumu umeme wa Tokyo. Mwishowe akaokota jozi moja kuukuu yenye vikombe vya mbao, akaibadilishia waya, na papo hapo blanketi likafunuka. Miezi ikapita, fidla zikabaki palepale, karibu naye, zikimnong'oneza.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Mlafi akikataa chakula, si ameshiba, anaumwa. Je, kama masikio ndiyo yanakufa, na hayajui tena kulalamika? Kila jioni alizivaa kwa kuvizia, akingoja zimsaliti.

Jumatatu vinyozi hupumzika, na ndiyo siku ya kikundi cha Kuramochi na wapenzi wenzake wa hedifoni. Hukodi chumba cha karaoke, mahali palipojengwa watu wapige makelele, wakakaa watu wazima watano kimya, kila mmoja na hedifoni ya mwenzake kichwani. Mhudumu akileta vinywaji hurudi kinyumenyume. Haamini kwamba hawapangi kuvunja benki.

"Aliyeacha kununua ni mmoja wa watatu," alisema Niida, mkaguzi wa kodi mstaafu ambaye hakuwahi kustaafu kushuku. "Kafilisika, kawa kiziwi, au anatuficha kitu kizuri. Lete hapa, fundi."

Akafuta sponji kwa dawa, maana hata nta ya masikio ya Kuramochi hakuiamini. Akazivaa. Akafumba macho. Akafumbua moja.

"Fundi, waya huu uliuchomeka mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Basi mkono wako umelewa! Fidla za kushoto ziko kulia, besi za kulia ziko kushoto. Umeigeuza okestra nzima kama soksi!"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Huyu ndiye Kuramochi aliyewahubiria mwaka mzima habari za waya wa fedha! Niida akachomoa pini mbili za waya, ya kila kikombe yake, akazirudisha kila moja upande wake, akamvisha kama anavyovishwa mtoto kofia.

"Haya, sikiliza kama binadamu."

Kuramochi akasikiliza. Blanketi likarudi. Lilelile, la miaka kumi na mbili, na safari hii akatambua lilipo: sikio la kushoto tu.

Akautazama mkono wake. Yeye ni mashoto. Tangu ujana wake, mashine ya kukaushia nywele imeunguruma kwenye mkono huo, shibiri moja tu kutoka sikio hilo. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema. Hawakusema kwamba hajisikii pia.

"Vipi? Bora sasa, sivyo?" Nyuso nne zilimngoja. Akisema ndiyo, kesho maboksi yanaanza upya, na keshokutwa. Akisema hapana, amekiri uziwi mbele ya mashahidi.

Akachomoa pini, akazivusha tena.

"Sikio la kushoto limekwisha, Bwana Niida. Fidla zikae kulia, kwenye uhai."

"Lakini ni kosa!"

"Ni kosa langu, na linanitosha."

Niida akagusa sikio lake mwenyewe, kwanza hili, kisha lile, kama mtu anayepapasa pochi sokoni.

"Hebu... nipe nijaribu tena kidogo," akasema kwa sauti ya chini.

Nyumbani Kuramochi akaomba rangi ya kucha.

"Rangi ya kucha!" Sayo akafunga kitabu. "Ya nani?"

Akamwonyesha pini, akaeleza anataka kuziwekea alama nyekundu mtu asije akazisahihisha tena, kisha akaeleza habari ya sikio. Sayo alimsikiliza bila kupepesa macho. Akaenda kukaa kushoto kwake, akanong'ona kitu.

"Nini?" akasema Kuramochi.

Sayo akatikisa kichwa. Akachukua mto wake wa kukalia, akauhamishia kulia, akamletea rangi.

Kesho yake asubuhi, kabla saluni haijafunguliwa, Sayo alipita akaangalia nyuma ya mataulo. Hapakuwa na kitu. Akaangalia tena.