Mlinzi wa Maji wa Mtaa Wetu

Kiangazi kile mamlaka ya maji ilipopiga marufuku mipira ya kumwagilia bustani, mtu mmoja tu alifurahi mtaani kwetu, mjini Burnley: Clifford Ormerod. Alikuwa karani wa reli, na tangu astaafu hakuwa na mtu wa kusimamia ila mkewe, Maureen, ambaye hakukubali kusimamiwa. Basi akajiteua mlinzi wa maji. Alichungulia nyua za watu, na mzee aliyeonekana akiosha gari lake alihutubiwa mpaka povu likakauka.

Nyasi zetu zote zilikuwa zimeungua. Ila kwa Hilda Entwistle, mjane wa nyumba ya pili, maua yaliyopandwa kando ya ukuta wa akina Ormerod yalinawiri kama ya harusi.

"Bi Entwistle, maua yako yanakunywa nini?"

"Yanakunywa anachojalia Mungu, Bwana Ormerod."

"Mungu hajaleta mvua tangu Mei."

"Ana njia zake."

Clifford akaapa kumfumania. Asubuhi moja akajibanza kwenye kichochoro kati ya nyumba zao, amejikunyata nyuma ya pipa la taka, anangoja mpira utokeze. Badala yake tone likamdondokea kwenye upara. Likafuata jingine. Akainua macho. Chini ya paa lake mwenyewe, kibomba cha kumwaga nje maji yanayozidi kwenye matangi ya darini kilikuwa kinatiririka, na maji yakishuka ukutani hadi kwenye maua ya Hilda.

Alipanda darini bila hata kunywa chai. Huko kulikuwa na matangi mawili: kubwa la kulisha mtungi wa maji ya moto, na dogo, lililokaa chini kidogo, la kujaza mabomba ya kupasha nyumba joto. Dogo ndilo lililofurika. Akabadilisha boya na valvu yake ya kuingizia maji. Maji yakaendelea. Akabadilisha tena, safari hii kwa maneno ambayo Maureen aliyasikia kutoka jikoni. Mwishowe akalifunga boya juu kwa kamba, tone lisiingie. Tangi likazidi kufurika.

"Kama mlango umeufunga," Maureen aliuliza toka chini ya ngazi, "hao wageni wanapitia wapi?"

Clifford akaligeukia tangi kubwa. Kisha akafunga maji yanayotoka tangi kubwa kwenda kwenye mtungi. Baada ya muda kibomba kikakauka. Ndipo akaelewa: bomba lililojisokota ndani ya mtungi, la kupashia maji, ambalo limeunganishwa na mabomba ya tangi dogo, lilikuwa limetoboka. Maji ya tangi kubwa yalikuwa yakipenya hapo, yakipanda hadi tangi dogo na kumwagika nje. Mlinzi wa maji ndiye alikuwa mwagaji mkuu wa mtaa.

Fundi alipoweka mtungi mpya, Clifford alivaa tai akaenda kwa Hilda kuomba radhi.

"Nilijua tangu Juni," akasema Hilda, akimkaribisha kiti.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeyafunga maji."

Clifford alitafuta kifungu cha marufuku kinachohusu jambo hilo, asikipate. Akanywa chai aliyopewa. Tangu hapo doria zikakoma, na kila jioni tulimwona akipita na ndoo mbili za maji aliyoogea, amenyoosha mgongo kama askari, akienda kumwagilia maua ya jirani. Maureen alisema hajawahi kumwona akioga sana namna ile.