Simu Iliita Kwenye Koti la Mzee

Leo nimefanya mtoto wa mtu apigwe bure.

Niko na kibanda cha viatu vya mitumba hapa Mumbuni. Asubuhi kijana mmoja alikuwa anajaribu raba. Kando yake alikaa mzee wa miaka kama sabini, nilikuwa nimempa stuli apumzike.

Kugeuka hivi, simu yangu haiko.

Hata sikujiuliza. Nilimshika kijana shati nikapiga nduru, "Mwizi!"

Watu wa boda walifika mbio. Makofi, mateke. Kijana akatoa kila kitu mfukoni huku analia: leso na kitambulisho kipya kabisa.

Jirani yangu akaipigia simu yangu.

Ikaita ndani ya koti la mzee.

Akanirudishia bila kuniangalia. Hakuna aliyemgusa. "Muacheni, huyo ni mzee," wakasema, na akajiendea zake polepole.

Mdomo wa kijana ulikuwa umefura. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Hata hakukasirika. "Ni sawa, mwaitu," akaniita mama kwa Kikamba. "Nimezoea."

Nimechoka, jamani. Tangu hapo nimekaa tu, sina nguvu hata ya kuita wateja.

Semeni ukweli: nyinyi mngemshika nani kwanza?