Koleo Atafuta Jino

Mtaani kwetu wageni wote tunaosema Kiswahili tunajuana, na binti huyu tulimpa jina la Koleo kwa sababu ukicheka mbele yake anakuchungulia mdomoni. Anasomea udaktari wa meno, mwaka wa nne. Anaishi na mwenzake chumba kimoja juu ya duka la dobi, ambako alfajiri hukunja mashuka ya hoteli kabla ya kwenda darasani. Mazoezi huyafanya kwa mche wa sabuni: huchonga gego zima, mizizi na yote, mwenzake hulikagua, kisha hulifulia nguo. Chumba kile hakitupi kitu.

Chuoni kwao mtihani wa vitendo una sharti gumu: mwanafunzi anajitafutia mgonjwa mwenyewe. Tena si mgonjwa yeyote. Shimo liwe la gego, pale linapogusana na gego jirani, na lisiwe limefika kwenye mshipa. Ukikosa mgonjwa, unarudia mwaka. Koleo alikuwa na wake, fundi viatu, amemlinda miezi miwili kama yai. Jumamosi fundi akamjia anatabasamu: jino limemsumbua, kaenda kung'olewa.

"Nimekupunguzia kazi, mwanangu."

Mtihani ulikuwa Jumanne.

Jumamosi hiyo hiyo, saa moja baada ya kuachana na fundi, Koleo aliingia dukani kwangu, ninakouza friji na majiko yaliyotumika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Friji au jiko?"

"Jino. Tangu mwezi wa tatu unatafuna kushoto tu. Hebu panua."

Nikapanua. Akamulika kwa tochi ya simu, akasogea, akamulika tena. Aliporudia nikajua nina bidhaa.

"Saa tatu nzima kwenye kiti, duka limefungwa," nikasema. "Utanipa nini?"

"Nitakuziba jino bure."

"Bure hiyo ni ya chuo. Yako je?"

"Yangu ni ukweli. Mwaka mmoja tu, litang'olewa. Na mwenye duka akiwa na pengo, akitaja bei watu wanatazama pengo."

"Ongeza kitu."

"Siongezi. Nikikulipa wewe, mwakani kila mwenye jino bovu mtaani atawatoza wenzangu. Kwaheri, mjomba."

Akatoka. Ujanja wa kuondoka naujua, umenilisha miaka ishirini. Mtu hufika mlangoni akageuka. Huyu alivuka barabara. Nikamwona amemsimamisha muuza magazeti, anamwambia apanue mdomo. Nilimwita kwa sauti ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisikia kwangu.

Jumanne nililala kwenye kile kiti, mdomo mzito kwa ganzi. Saa ya pili msimamizi alichungulia, akasema kwa ukali kuwa uozo umebaki chini kabisa, karibu na mshipa. Koleo akiuacha, amefeli. Akiufuata akatoboa, amefeli vilevile. Nilimtazama usoni: jasho lilikuwa limelowesha barakoa, lakini mkono umetulia tuli. Aliweka mashine chini, akachukua kijiko kidogo cha chuma, akakwangua punje kwa punje, hana haraka na mtu. Mimi nimewaona wanaume wazima wakitetemeka kwa bei ya friji tu.

Jino lilipokwisha kuzibwa msimamizi alirudi, akapitisha uzi kati ya meno mara mbili, akatia sahihi: amefaulu.

Koleo akavua glavu. "Mjomba, la juu nalo limeanza doa. Usilipeleke kwa mtu. Mwakani nina mtihani mwingine."

Nilitaka tujadili masharti, lakini kwa mdomo ule wa ganzi nani angenisikiliza? Alikwisha kuniandika mgonjwa wake wa mwakani.