Mishono ya Gari la Mdogo Wangu

Mimi ni fundi wa mageti. Ukipita Ngara mjini ukaona geti lina maua ya chuma na mshono wake hausikiki hata ukiupapasa kwa kidole, jua ni mkono wangu, na sioni haya kulisema. Kizuri chajiuza. Mdogo wangu alipoleta gari chakavu lililokuwa likibeba ndizi na maharage kutoka Kirushya, akasema anataka kulifanya gari la mbio, niliangua kicheko. Akanuna.

"Dada, sikuja kuomba ushauri. Nimekuja unichomelee kizimba."

Kizimba ni yale mabomba yanayozunguka ndani ya gari, ili likibingirika paa lisiwakandamize waliomo. Na waliomo walikuwa wawili: yeye kwenye usukani, na pembeni mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, akimsomea kona zote kutoka kwenye daftari. Zaidi ya hao wawili sina ndugu mwingine aliye hai.

Tuling'oa viti vya nyuma na mazulia. Tukafunga springi za pikapu, na chini ya injini bamba nene la chuma. Kizimba nilikichomelea wiki nzima, kisha nikapitisha grenda mishono yote ikalala laini, nikapaka rangi nyeupe. Watu walikuja kukitazama, nami nikawa nasimama karibu ili wajue wamsifie nani.

Mashindano ya kwanza hatukutoka hata uwanjani. Mkaguzi, mzee mmoja mpole, aliinama, akapapasa mabomba, akauliza nani kasaga mishono. Nikajitokeza kifua mbele.

"Shikamoo mzee. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Chuma ulichokiondoa ndicho kilichokuwa kinashika. Gari hili haliendi popote."

Ebo! Nilimjibu maneno yasiyofaa kuandikwa, na adabu ya ile shikamoo ikaishia hapo hapo. Wifi yangu akanivuta kanga. Nilirudi Ngara nimefura.

Siku ya tatu nikachukua mabaki ya bomba, nikaunga vipande mara mbili. Kiungo kimoja nikakisaga, kingine nikakiacha na manundu yake. Nikavibana, nikavipiga nyundo. Kilichosagwa kilikatika pigo la nne. Chenye manundu kilipinda tu, hakikuachia. Nilikaa chini kwenye vumbi la karakana nikalia kwa aibu na kwa woga. Yule mzee niliyemtukana ndiye aliyenizuia kuwaua watu wangu.

Nikakikata kizimba chote, nikaanza upya kwa mabomba mazito. Safari hii kila nundu nililiacha lilipo. Mikono iliniwasha, jamani! Ilibidi grenda nimpe jirani akae nayo, maana nilijijua. Wateja walipita wakacheka, "Fundi, leo umechoka?" Nikawaambia walipie mageti yao waniache.

Mashindano ya pili mkaguzi aliliruhusu gari, lakini rejeta ikapasuka katikati ya njia. Hatukumaliza. Ya tatu yalikuwa Biharamulo, kwenye udongo mwekundu, na asubuhi mvua ilikuwa imenyesha. Nilisimama karibu na kona pamoja na wafugaji wa Kisukuma waliokuja kutazama. Gari letu likatokea kwa kasi, mdogo wangu akachelewa kukanyaga breki. Likateleza, likapanda tuta, likabingirika mara moja, mara mbili, likalala chali.

"Mawe!" Nilimwita marehemu mama yetu kwa Kihangaza huku nakimbia.

Nilipochungulia niliwakuta wananing'inia kwenye mikanda. Paa lilikuwa limebonyea hadi kwenye mabomba, likakomea hapo. Wifi yangu alinitazama kichwa chini, daftari bado mkononi.

"Wifi, acha kelele. Waambie hao watugeuze, tumebakiza kona kumi na moja."

Wale wafugaji walilishika gari kila upande, wakasukuma, likasimama kwa magurudumu yake. Likakohoa, likawaka, likaondoka bila kioo cha mbele, matope yakiwarukia usoni. Mmoja wao akaniuliza, "Mama, wale ni nani wako?"

"Ndugu zangu," nikasema. "Na kizimba kile nimekichomelea mimi."

Akanipa mkono, nami sikuuachia haraka. Tukasikiliza mlio wa injini ukiishia kule chini, hadi wenye simu walipopiga kelele kwamba gari letu limevuka mstari. Wiki nzima nilimsimulia kila aliyepita karakana, awe ameuliza au hakuuliza: walifika wa mwisho, na walifika wazima.