Jina la Mama Lilipofika Amerika

Mtu aliyeanza kuosha masufuria London kama mimi, hakuna la kumshangaza. Nilikuja na darasa langu la nne tu, na kabla miaka ya tisini haijaisha nilikuwa na duka la samaki mtaa wa Thornton Heath, jina la marehemu mama yetu juu ya mlango. Wabaguzi walinivunjia kioo mara mbili, na mara zote nililiandika kubwa zaidi. Waulize jirani zangu.

Mdogo wangu nilimsomesha mimi mpaka akawa mhandisi, akaenda kukaa Amerika. Alipopata binti akampa jina lile lile la mama, na mbuzi wa akika, sadaka ya kuzaliwa kwake, nilichinja mimi. Kwetu Unguja mtoto mwenye jina la mzazi wako humwiti kavukavu. Kila Jumapili nikipiga simu namwita jina hilo, kisha nasema, "Shikamoo, mama," naye anacheka, "Marahaba, mwanangu!"

Minara miwili ya New York ilipoanguka, usingizi ulinipaa.

"Hawajakuguseni?" nikamuuliza mdogo wangu kwenye simu.

"Hatujambo, kaka. Majirani watu wema."

Nikimsikia mtoto anacheka, natulia kidogo. Mwishowe nikapanda ndege nikaone kwa macho yangu.

Siku ya pili tukaenda kumchukua shuleni, mimi na baba yake. Nikamwona uwanjani, nikamwita kwa sauti, jina zima la mama. Hakugeuka. Mwalimu akaita jina jingine, la kizungu, mtoto akaja mbio.

Mdogo wangu akatazama chini.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Watoto wenzake walikuwa wakimwita gaidi kwa jina lile, kaka. Akawa anakojoa kitandani."

"Na Jumapili?"

"Tulimfundisha ukipiga wewe aitikie lile la zamani. Tulijua utaumia."

"La zamani! Mama yako ndiye wa zamani?"

"Wewe una duka lako. Mtu akikutukana unamtoa nje. Yeye anakaa nao kutwa."

Miaka yote nimewahofia wageni, kumbe jina limefutwa na ndugu yangu wa tumbo moja, na mtoto amepewa kazi ya kunidanganya. Woga wake niliuelewa. Kumsamehe, hilo jingine.

Jioni ile nilikuwa uwanja wa ndege kurudi London, na zilibaki siku kumi na mbili za safari yangu. Kubadilisha tiketi kulinigharimu pauni mia moja sitini na tatu na peni arobaini.