Ndovu wa Tabaka Amesema

Jumanne nilimkuta mchongaji mmoja kule Tabaka akichora jina la nchi yetu kwenye matumbo ya ndovu wa mawe ya sabuni, mzigo wa kwenda ng'ambo. Kila jina alilianza kwa k ndogo.

"Mzee, jina la nchi huanza kwa herufi kubwa," nikamwambia.

Akapuliza vumbi taratibu. "Nimenakili kwa ndovu wa lile duka la vinyago la Kisii mjini. Hao huuzia wazungu. Wewe yako umeitoa wapi?"

"Shuleni."

Akanitazama kwa huruma, akamchukua ndovu mwingine.

Nikaenda mjini hadi kwenye duka lenyewe. "Hapa hatubahatishi," mwenye duka akasema, akipitisha kidole juu ya k ndogo. "Tunafuata wachongaji wa Tabaka. Wao ndio wenye kazi."

Nikaamua kuyaandika haya gazetini kabla mzigo haujasafiri, maana jiwe halina kifutio. Mhariri wangu akasoma, akakuna kidevu.

"Una uhakika ni herufi kubwa? Ngoja tuhakikishe."

Akamwinua ndovu wa jiwe anayezuia karatasi zake zisipeperuke, akamgeuza chali, akasoma.